Mtu Aliyelipwa Kuwepo

Jumapili, tarehe 18 Agosti 2019. Joto lilifika nyuzi thelathini na nne kabla ya saa sita mchana. Upepo wa kusini, mzito wa unyevu, haukuweza hata kunyanyua bendera. Baruti ya kwanza ya sikukuu ilipigwa saa mbili asubuhi, na vioo vya ofisi vikatetema mara tatu.

Ofisi yenyewe ni chumba kimoja juu ya duka la mikate, namba 42, Barabara Kuu, hapa Ħal Dwieli, kijiji cha Malta. Ina meza, viti sita, kiyoyozi na rafu saba za majalada. Mlangoni kuna kibao chenye majina ya kampuni thelathini na moja, majina yanayofanana na ya dawa za tumbo. Kampuni hizo ni mali ya watu wa Luksemburg, nao huko kwao wana kampuni nyingine zinazomilikiwa na hizi zetu, na hizo zinamiliki maghala, misitu na hisa katika nchi ambazo hakuna mtu wa Barabara Kuu aliyewahi kukanyaga. Mwaka ule waziri mmoja alisimama kwenye televisheni akasema kwamba uhusiano wa uwekezaji baina ya nchi mbili ndogo, Malta na Luksemburg, umestawi kuliko wakati wowote. Nilimwamini. Uhusiano huo nilikuwa nikiufuta vumbi kila Ijumaa.

Mkurugenzi wa kampuni zote thelathini na moja alikuwa Salvu Bezzina.

Salvu alikuwa na miaka hamsini na minane. Alipata kuwa mtunza stoo kwenye karakana ya meli, na karakana ilipofungwa alikaa nyumbani miaka miwili akimfundisha mkewe Dolores jinsi ya kuosha vyombo, mpaka Dolores akamwendea shemeji yake wakili na kumwambia amtafutie huyu mtu mahali popote pa kukaa, mradi pasiwe jikoni. Wakili alikuwa anatafuta mtu. Waluksemburg walihitaji Mmalta mwenye jina safi polisi, mwenye suti, na mwenye kuishi visiwani mwaka mzima. Sifa zote tatu Salvu alikuwa nazo, ingawa suti ilikuwa ya harusi ya dada yake.

Kazi ilikuwa hivi. Sheria ya kodi inauliza: akili ya kampuni inakaa wapi? Ikiwa akili inakaa Luksemburg, basi kodi inalipwa kwa namna moja. Ikiwa inakaa Malta, inalipwa kwa namna nyingine, tamu zaidi. Kwa hiyo mara moja kwa mwaka, au palipo na jambo kubwa la kuamua, mkurugenzi wa Luksemburg hupanda ndege, huja kukaa kwenye chumba chetu, na pamoja na Salvu huamua jambo ambalo limekwisha kuamuliwa. Mkutano huchukua dakika kumi na moja. Baada yake huliwa sungura wa kukaanga kwa saa mbili. Kisheria, basi, akili ya kampuni thelathini na moja ilikaa kichwani mwa Salvu. Nimemfahamu Salvu tangu shule, na sikuwahi kukiona kichwa hicho kikipokea wageni wengi kiasi hicho.

Yeye hakuona ajabu yoyote. Alichapisha kadi. Akaanza kutembea polepole, kama mtu mwenye mzigo wa mawazo. Mtaani wakamwita Mkurugenzi, wao kwa kumdhihaki, naye kwa kuitika. Mtu akimuuliza kampuni zake zinauza nini, hujibu, "Hilo ni suala la kimuundo," neno alilolisikia kwa Waluksemburg, kisha huagiza kahawa. Nilimwandikia mihtasari kwa miaka tisa. Katika miaka hiyo yote alisema neno moja kwenye vikao, nalo ni "nakubali". Alilisema vizuri. Alikuwa anakunja uso kidogo kwanza.

Lakini kitu ambacho Salvu alikitaka kweli duniani hakikuwa ukurugenzi. Alitaka mti.

Sanamu ya mtakatifu wetu, Rokku, hutoka kanisani mara moja kwa mwaka, imebebwa na watu wanane kwenye miti minne. Ni ya mbao, nzito kama gari dogo, na miguuni pa mtakatifu ameketi mbwa wake na mkate wa fedha mdomoni, mkate ambao mabaharia wa kijiji walimpa baada ya tufani la zamani. Nafasi nane hizo hazinunuliwi wala haziombwi kwa barua. Mtu anaingia kwenye orodha, anangoja mwenye nafasi afe au avunjike mgongo, kisha anaupokea mti na kuushika mpaka naye afe au avunjike. Salvu alingoja miaka ishirini na miwili. Dolores alikuwa akisema, "Mti ule ameungoja kuliko alivyoningoja mimi, na mimi alikuwa na haraka ya kwenda kula." Februari mwaka ule mwenye nafasi, mzee wa watu, akazikwa. Salvu alilia msibani kwa jicho moja. Jicho lingine lilikuwa likipima urefu wa mti.

Sheria ya mti ni moja tu. Siku ya sikukuu, atakayeuachia mti kabla sanamu haijarudi kanisani ameuachia moja kwa moja. Nafasi inakwenda kwa anayefuata kwenye orodha. Na aliyefuata kwenye orodha alikuwa binamu yake, Wenzu, fundi bomba, ambaye alikwisha kushonesha mto wake wa begani na alikuwa akitembea nao.

Sasa nieleze jinsi mtu mzima alivyoweza kujifunga kwa kamba mbili, ncha zote mbili akiwa amezishika mwenyewe.

Kijiji chetu kina klabu mbili za bendi. Sisi ni wa Mtakatifu Rokku. Wao, wa upande wa pili wa barabara, ni wa Mtakatifu Yosefu. Sisi tunawaita maseremala. Wao wanatuita watu wa mbwa. Kila mwaka sanamu hutoka saa moja na nusu jioni, na inapofika mbele ya klabu ya maseremala giza limekwisha kuingia, nao huwasha taa elfu nne juu ya ukuta wao, na picha zote za sikukuu yetu hutoka zikiwa na taa zao nyuma. Jambo hilo limetuuma kwa muda mrefu. Jumanne moja ya mwezi Juni kamati ya klabu yetu ilikaa, na ajenda ya saba ikawa hii: sanamu itoke saa kumi na mbili kamili, ipite kwa maseremala jua likiwa bado linawaka, na taa zao elfu nne ziwe kama kibatari mchana. Shauri hilo lilipokelewa kwa furaha kubwa ambayo sitaiita ya Kikristo.

Salvu alikuwepo. Alikuwa akitazama mpira kwenye televisheni ya baa na kumenya mbegu za maboga. Mwenyekiti alipouliza wanaokubali, Salvu akakunja uso kidogo, akanyoosha mkono. Ninayo kwenye muhtasari, maana klabu nayo huiandikia mimi. Kisha matangazo ya rangi yakabandikwa kila ukuta, saa kumi na mbili kwa tarakimu kubwa, na moja likabandikwa kwenye mlango wake mwenyewe; alilifungua na kulifunga pamoja na mlango kwa miezi miwili.

Tarehe 12 Agosti ikaja barua pepe kutoka kwa Madamu Josiane Theisen, mkurugenzi wa upande wa Luksemburg. Kampuni mbili za mlangoni petu zilikuwa zinanunua maghala huko Slovakia, na muuzaji alitaka saini Jumatatu saa tatu asubuhi, tarehe 19. Alhamisi ilikuwa siku ya mapumziko kwao na kwetu. Ijumaa yeye alikuwa na daktari wa meno. Jumamosi hapakuwa na ndege. Je, Jumapili saa kumi na mbili jioni ingefaa? Salvu alijibu kabla chai haijapoa: nakubali.

Alikuja kugundua Ijumaa, kwa kuambiwa na mwokaji mikate.

"Kwani saa kumi na mbili kuna nini?" aliniuliza, kama vile mimi ndiye niliyemtoa mtakatifu.

Nikamsomea ajenda ya saba. Nikamsomea jina lake.

"Hukuniambia."

"Ulikuwa umekaa kiti cha pili kutoka kwangu."

Alitembea chumbani, polepole, kama mtu mwenye mzigo wa mawazo. Safari hii nadhani mzigo ulikuwepo. Akasema angemwomba Madamu aje saa kumi na nusu. Ndege ya Madamu ilikuwa inatua saa kumi na moja. Akasema angemwomba padri achelewe. Padri alisema maseremala wangecheka, na kwamba hata yeye padri hakutaka maseremala wacheke. Mwishowe akasema, "Nitafanya yote mawili," kwa sauti ile ile ya "nakubali", akaenda kujaribu kanzu yake nyeupe ya uchukuzi.

Madamu Theisen aliingia ofisini saa kumi na moja na dakika hamsini. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mkoba wa ngozi na viatu vya mkutano, na kutoka kwenye teksi, ambayo ilizuiwa mwanzo wa kijiji, alikuwa amekwenda kwa miguu kati ya vibanda vya kashata za lozi, bendi mbili na karatasi za rangi zilizokuwa zikimwagwa kutoka kwenye vibaraza. Moja ilikuwa imebaki kwenye nywele zake. Hakuna aliyemwambia.

"Bwana Bezzina yuko wapi?"

"Anakuja, Madamu," nilisema, na huo ulikuwa ukweli. Sanamu ilikuwa karibu kutoka kanisani, na ingepita chini ya dirisha letu.

Saa kumi na mbili kamili zikapigwa baruti ishirini na moja. Madamu alishika meza. Dolores akaingia na sahani ya pastizi, zile sambusa zetu za jibini, za moto, akaiweka juu ya mkataba wa Slovakia.

"Kula, mama. Huyo hatakuja."

"Lakini ana kikao."

"Ana mti."

Madamu alinitazama mimi. Nikaeleza, kwa ufupi, habari ya mti, na orodha, na miaka ishirini na miwili. Alisikiliza hadi mwisho, kwa adabu, kama watu wanavyomsikiliza mgonjwa.

"Mimi sina haja ya maoni yake," alisema. "Wala ya ujuzi wake. Nina haja ya mwili wake, kwenye kiti hiki, kwa dakika kumi na moja. Sheria inataka awe chumbani. Ndicho kitu pekee tunachomlipa."

"Mimi ningekuuzia kwa bei rahisi zaidi," Dolores alisema. "Lakini leo Mtakatifu Rokku amekutangulia."

Walikaa, wakala pastizi. Dolores alimwondolea ile karatasi kichwani.

Ilipofika saa moja kasoro dakika ishirini tukasikia bendi yetu ikikaribia. Nilifungua mlango wa kibaraza. Barabara ilikuwa nyeupe kwa jua na karatasi. Ng'ambo, uso kwa uso nasi, maseremala walikuwa wamejaa kwenye ngazi za klabu yao, wamekunja mikono, taa zao elfu nne zikiwaka bila kuonekana, kama tulivyokusudia. Na katikati ya watu, akiyumba polepole, alikuja mtakatifu na mbwa wake, na chini ya mti wa mbele, upande wa kulia, nafasi ya pili, Mkurugenzi. Uso wake ulikuwa mwekundu kama nyanya. Nilikuwa sijawahi kumwona mwenye furaha hivyo kwenye kikao chochote. Kando yake, hatua moja tu, alitembea Wenzu na mto begani.

"Nenda, binamu," Wenzu alikuwa akimwambia. "Mwanamke wa watu anakungoja juu. Mimi nipo."

"Tembea zako."

"Natembea. Nakuona bega limeanza kushuka. Ukurugenzi haukomazi bega, eh?"

"Wenzu, nikitoka hapa utanisikia."

"Ndiyo ninachongoja, utoke hapo."

Mbele ya sanamu, akitembea kinyumenyume na fimbo mkononi, alikuwa Ċikku, mkubwa wa wachukuzi, aliyekuwa mkata mawe kabla ya magoti yake kuisha. Aligonga mti mara moja. Kila mchukuzi akachomeka gongo lake la panda chini ya mti na kulishika, ili sanamu itulie juu ya magongo manane. Kituo hicho mbele ya maseremala ni cha desturi. Bendi hupiga wimbo mzima wa mtakatifu, beti zote, ili wausikie.

Madamu Theisen alikwisha kushuka. Nilimfuata na kalamu na daftari, kwa kuwa ni kazi yangu. Watu walimpisha, walidhani ni jamaa aliyerudi kutoka Australia kwa sikukuu. Alifika kwenye mti akasimama karibu na sikio la Salvu.

"Bwana Bezzina. Kikao ni cha dakika kumi na moja."

"Madamu, siwezi. Sanamu hii inatoka mara moja kwa mwaka."

"Na wewe unahitajika mara moja kwa mwaka."

Wachukuzi wawili walicheka, na mti ukatikisika nao. Ċikku aligeuza jicho.

"Huyu mama ni nani?"

"Ni Luksemburg," alisema Wenzu. "Amekuja kumchukua."

"Amngoje mpaka kanisani."

"Kanisani ni saa ngapi?" Madamu aliuliza.

"Saa nne," alisema Ċikku. "Mtakatifu akiwa na haraka."

Ndege ya mwisho ya Madamu ilikuwa saa tatu na nusu usiku. Nilimwona akipiga hesabu ile, na nikamwona pia akiitazama namba 42 juu ya mlango wa duka la mikate, kisha akimtazama Salvu, kisha ile namba tena, kama fundi cherehani anayepima kitambaa kisichotosha.

"Je, wakati wimbo unapigwa," alisema, "unaweza kuandika?"

Salvu alimtazama Ċikku. Ċikku alitazama mbinguni. Hakuna sheria ya mti inayokataza kuandika. Hakuna mtu aliyewahi kuifikiria.

"Usiuachie mti tu," Ċikku alisema. "Mengine ni dhambi zako."

Basi kikao kikafanyika. Madamu aliweka karatasi kwenye mgongo wa Żeppi, mchukuzi wa nafasi ya kwanza, mtu mnene aliyeloa jasho, na akasoma azimio kwa sauti ya juu kuliko tarumbeta: kwamba wakurugenzi, baada ya kulitafakari jambo kwa kina, wameazimia kununua maghala manne.

"Ananipapasa huyo," alisema Żeppi.

"Simama wima, Żeppi, wewe ni meza," alisema Wenzu.

"Bwana Bezzina, unakubali?"

Salvu akakunja uso kidogo. "Nakubali."

Kulikuwa na nakala tatu. Ili kushika kalamu ilimpasa aliachie gongo, kwa maana mkono wa kulia ndio uliokuwa umelishika, na mkono wa kushoto wa Salvu haujui kusoma wala kuandika. Alilibana gongo kwa goti. Nakala ya kwanza akasaini vizuri, na mkia wa herufi ya mwisho kama kawaida yake. Ya pili vizuri. Alipofika ya tatu alikuwa amejisahau. Alikuwa anaandika kama mkurugenzi, amejivuta nyuma kidogo, kichwa kimeinama upande, mtu wa mawazo. Nilikuwa nimesimama pale pale, na niliona ncha ya gongo ikianza kuteleza juu ya karatasi za rangi zilizotanda barabarani. Ilikwenda shibiri moja, taratibu, bila sauti. Kisha ikaenda yote.

Sanamu ililala upande kwa vidole vinne. Watu wakavuta pumzi pamoja. Wachukuzi saba walijikaza wakaishika, na Wenzu, ambaye alikuwa amengoja kwenye orodha miaka minane, na hatua moja kando tangu kanisani, alikuwa tayari chini ya mti na mto wake begani kabla sijaelewa kwamba umeshuka. Mtakatifu hakuanguka. Lakini waya uliofunga mdomo wa mbwa ukakatika, na mkate wa fedha ukadondoka, ukaruka mara mbili kwenye lami, ukabingirika ng'ambo ya barabara, ukapanda ukingo, ukasimama kwenye kiatu cha mpiga ngoma wa maseremala.

Bendi yetu ilinyamaza, chombo kimoja kimoja.

Kwenye ngazi za maseremala kuna mzee mmoja mwembamba ambaye hajapata kusema jambo la maana. Alisubiri mpaka zumari la mwisho likome.

"Jamani," alisema, "mbwa wao amewatemea mkate."

Sitaandika kicheko kile. Waliokuwepo wanakijua, na watoto wao watakirithi. Niseme tu kwamba baada ya muda maseremala waliurudisha mkate, kwa heshima, umewekwa kwenye sahani na kitambaa cheupe, na ubavuni mwa sahani walikuwa wameweka siagi.

Ċikku hakupandisha sauti. "Bezzina, toka."

"Sikuuachia. Gongo ndilo lililo—"

"Toka."

Salvu alitazama begani pake, mahali mti ulipokuwa. Wenzu hakumtazama, alikuwa anatazama mbele, uso mtulivu, kama mtu aliyezaliwa pale. Ċikku akagonga mti mara mbili, sanamu ikanyanyuka, na sikukuu ikapita ikaenda, ikamwacha Salvu katikati ya barabara na kanzu yake nyeupe na kalamu ya watu mkononi.

Madamu Theisen aliichukua kalamu. Alizikagua nakala. Kwenye ya tatu jina lilianza vizuri, kisha wino ukashuka hadi nje ya karatasi. Mwisho wa saini hiyo Żeppi anao kwenye kanzu yake mpaka leo.

"Mbili zinatosha," alisema.

Tulipanda ofisini. Alikaa, akafuta viatu vyake kwa leso, akanisomea mwenyewe sentensi ya kuandika: mkutano ulifanyika kwenye anwani iliyosajiliwa ya kampuni, wakurugenzi wote wakiwapo kimwili.

Nikamuuliza, kwa ajili ya usahihi tu, kuhusu neno "kwenye".

"Anwani ni namba arobaini na mbili," alisema. "Alikuwa mbele ya namba arobaini na mbili. Ulimwona, nilimwona, na kijiji kizima kilimwona. Sijawahi kuwa na mkutano wenye mashahidi wengi hivi." Huyu ndiye aliyesema saa nzima kabla ya hapo kwamba sheria inataka chumba na kiti. Sheria ya watu hawa ni kama mpira wa suruali.

Nikaandika.

Salvu alipanda ngazi akiwa bado na kanzu yake, mshipi mwekundu umelegea. Alivuta kiti chake, kile cha kichwani pa meza, akakaa. Akaweka mikono mezani.

"Haya," alisema. "Sasa niko tayari kwa kikao."

Madamu alikuwa anafunga mkoba. "Kikao kimekwisha, Bwana Bezzina. Asante. Ulikuwa mzuri sana, kama siku zote." Akampa mkono, akaondoka kwa njia ya nyuma, akapanda ndege yake.

Dolores alisimama mlangoni na sahani tupu. Nilidhani angesema kitu, kwa maana siku hiyo angeweza kusema chochote na akasamehewa. "Twende nyumbani," alisema. "Uvue hilo shuka."

Maghala ya Slovakia yalinunuliwa. Hakuna aliyeuliza swali lolote, Luksemburg wala Malta, wala mwezi huo wala baadaye, na Salvu hakupoteza hata kampuni moja kati ya thelathini na moja. Ukweli ni kwamba hata asingekuwepo yangenunuliwa. Madamu angepata sentensi nyingine. Nafasi aliyoshika miaka tisa ingeweza kushikwa na sanamu ya mbwa. Nafasi ya begani, ambayo kweli ilihitaji mtu, hiyo ndiyo iliyomshinda, na aliishika dakika arobaini na tano.

Jumatatu baada ya sikukuu kijiji kizima, watu wa mbwa na hata baadhi ya maseremala, hupanda mabasi na malori kwenda kuogelea na kula tikiti maji ufukweni. Duka la mikate hufungwa. Mimi nilikwenda ofisini asubuhi hiyo kufunga jalada la Slovakia, nikidhani nitakuwa peke yangu. Saa mbili kamili Salvu aliingia, amevaa suti ya harusi ya dada yake. Akawasha kiyoyozi, akakaa kwenye kiti chake, akaweka mikono mezani, na akawepo, mpaka saa sita.